Kuifikiria Upya Elimu ya Shule katika Ulimwengu wa Utandawazi: Mwongozo kwa Walimu na Wakuu wa Shule

Shule nyingi zinapoamua kuwaandaa wanafunzi kwa ulimwengu wa utandawazi huanza kwa kuongeza. Somo jipya huingizwa kwenye ratiba ambayo tayari imejaa, kompyuta hununuliwa na kufungiwa chumbani, lugha ya kigeni hushushwa hadi madarasa ya chini, na bendera za mataifa hutundikwa ukumbini siku moja kwa mwaka. Baada ya muda walimu wamechoka zaidi, wanafunzi wana madaftari mengi zaidi, lakini maswali wanayoulizwa darasani ni yale yale. Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Msimamo wake ni kwamba kazi kubwa ya kuifikiria upya shule hufanyika ndani ya masomo yaliyopo, kwa kubadili maswali anayouliza mwalimu, kazi anazopewa mwanafunzi na namna kazi hizo zinavyopimwa, na kwamba sehemu kubwa ya hayo inaweza kuanzwa hata na shule isiyo na fedha za ziada, mradi iwe na mkuu anayelinda muda wa walimu wake.

Mjadala wenyewe una umri mrefu. Mwaka 1996 tume ya kimataifa iliyoongozwa na Jacques Delors iliikabidhi UNESCO ripoti iliyosimamisha elimu juu ya nguzo nne: kujifunza ili kujua, kujifunza kutenda, kujifunza kuishi pamoja na kujifunza kuwa mtu kamili. Umoja wa Mataifa ulipopitisha Malengo ya Maendeleo Endelevu mwaka 2015, shabaha ya 4.7 ilitaka ifikapo mwaka 2030 kila mwanafunzi awe amepata maarifa na stadi za kuendeleza maendeleo hayo, kupitia, pamoja na mengine, elimu ya haki za binadamu, usawa wa kijinsia, amani, uraia wa dunia na kuthamini tamaduni mbalimbali. Mwaka 2021 tume nyingine ya UNESCO, iliyoongozwa na Sahle-Work Zewde aliyekuwa Rais wa Ethiopia, ilidai mkataba mpya wa kijamii kuhusu elimu. Ninayaamini maneno hayo, lakini hayamwambii mwalimu wa jiografia afanye nini katika kipindi chake cha kesho, na hapo ndipo mwongozo huu unapotaka kusaidia.

Kagua maswali kabla ya kukagua mtaala

Kabla ya kuitisha kikao cha kuandika dira mpya, kusanya mitihani yote ya ndani ya mwaka uliopita, kisha walimu wa kila idara wakae pamoja na kuyagawa maswali katika mafungu matatu. Fungu la kwanza liwe la maswali yanayodai kukumbuka tu. La pili, maswali yanayomtaka mwanafunzi atumie anachokijua katika hali ambayo hakuwahi kuiona. La tatu, yanayomtaka apime ushahidi, alinganishe maelezo yanayopingana au atetee uamuzi. Msibishane kwa muda mrefu juu ya swali moja moja, kwa sababu kinachotafutwa ni sura ya jumla. Msishangae mkikuta fungu la kwanza limeyafunika mengine yote, wala msilitafutie wa kulaumiwa. Mwanafunzi husoma kile anachojua kitaulizwa, na mwalimu hufundisha kile anachojua kitapimwa. Kwa hiyo karatasi za mitihani husema ukweli kuhusu shule kuliko kaulimbiu iliyoandikwa ukutani.

Kazi ya pili ya ukaguzi ni kutazama vifaa vinavyofundisha kimyakimya. Chukua ramani ya dunia iliyo darasani. Ramani nyingi za ukutani zinatumia mchoro wa mchora ramani Mercator wa mwaka 1569, au mchoro unaofanana nao, ambao unaionyesha Greenland ikiwa karibu sawa na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa kuliko Greenland takriban mara 14. Mercator hakuwa na hila. Alitaka nahodha aweze kuchora njia yake baharini kwa mstari ulionyooka, na gharama ya kulipata hilo ilikuwa kuyatanua maeneo yaliyo mbali na ikweta. Tundika kando yake ramani inayohifadhi ukubwa wa maeneo, kisha waulize wanafunzi kila ramani ilitengenezwa kwa kazi gani, na ili kuifanya kazi hiyo ilibidi ipotoshe nini. Darasa lililozoea swali hilo kwenye ramani litaliuliza pia kwenye kitabu cha historia, kwenye jedwali la takwimu na kwenye taarifa ya habari.

Usiyatupe maarifa kwa jina la stadi

Husikika mara kwa mara kwamba, kwa kuwa kila kitu kinapatikana kwenye intaneti, shule iache kufundisha maarifa na ijishughulishe na stadi za kufikiri peke yake. Nadhani kauli hii ni ya hatari, na wanaoumizwa zaidi nayo ni watoto ambao nyumbani kwao hakuna vitabu wala mtu wa kuwaeleza mambo ya dunia. Mwaka 1973 watafiti William Chase na Herbert Simon walichapisha uchunguzi kuhusu wachezaji wa sataranji. Mabingwa walipoonyeshwa kwa sekunde chache ubao wenye mchezo halisi waliweza kuupanga upya kwa usahihi mkubwa kuliko wanagenzi, lakini kete zilipotawanywa ovyo ubaoni ubora wao ulikaribia kutoweka. Kilichowatofautisha hakikuwa kumbukumbu kali ya jumla, bali ruwaza nyingi, yaani mipangilio ya kete, walizokwisha kuzihifadhi kwa miaka ya kucheza. Hata darasani, mwanafunzi anayetakiwa kufikiri kwa kina kuhusu biashara ya kimataifa bila kujua sarafu ni nini, ushuru unafanyaje kazi na bahari kuu ziko wapi, hana kitu cha kufikiria.

Kinachohitajika ni kuchagua. Kila idara ikubaliane mawazo machache makuu ambayo mwanafunzi hapaswi kumaliza mwaka bila kuyamiliki, mada nyingine zipitiwe kwa haraka, na muda uliookolewa utumike kuyarudia yale makuu katika mifano tofauti. Uchaguzi huo unahitaji tahadhari, kwa maana nchi zenye nia njema zimewahi kuyumba hapa. Japani ilipunguza vipindi na maudhui kwa kiasi kikubwa katika mtaala ulioanza kutumika mwaka 2002, ikakabiliwa na malalamiko kwamba viwango vinashuka, na mtaala ulioingia shule za msingi mwaka 2011 ukarudisha sehemu ya vipindi hivyo. Singapore nayo, kuanzia mwaka 2005, ilipunguza sehemu ya maudhui chini ya kaulimbiu ya kufundisha machache ili wanafunzi wajifunze zaidi, lakini nafasi iliyopatikana ilikabidhiwa walimu waitumie kupanga masomo yao wenyewe. Kabla ya kufuta mada yoyote, andikeni kwanza ni nini kitafanyika katika muda utakaobaki, na ni nani atakayekiandaa.

Fuatilia kitu kimoja mpaka kinakotoka

Njia ninayoithamini kuliko zote ya kuuingiza ulimwengu darasani ni kuchukua kitu kimoja ambacho kila mwanafunzi amekigusa na kukifuatilia hatua kwa hatua: kimetengenezwa na nini, na nani, wapi, kimesafirije, nani alipata nini njiani, na kitaishia wapi kikichakaa. Shati la pamba linafaa kwa madarasa ya chini. Kwa madarasa ya juu simu ya mkononi ni hazina, kwa sababu inagusa karibu kila somo. Betri yake huwa na lithiamu na mara nyingi kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lakini sehemu kubwa ya usafishaji wake hufanyika Uchina. Mwalimu wa kemia anaweza kueleza kwa nini metali hizo zinafaa kuhifadhi umeme. Wa jiografia, kwa nini mahali panapochimbwa madini si lazima pawe mahali panapopata thamani kubwa. Wa uraia, hali ya wachimbaji wadogo, wakiwemo watoto. Na wa hisabati, namna bei moja ya dukani inavyogawanyika katika mikono mingi.

Au chukua kontena, lile sanduku la chuma ambalo wanafunzi wameliona barabarani bila kulifikiria. Mwezi Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston, nchini Marekani, ikiwa na makontena 58 ya Malcom McLean, mfanyabiashara wa malori aliyechoka kuona mizigo ikipakuliwa na kupakiwa upya kifurushi kimoja kimoja. Kupakia meli kukawa kazi ya saa badala ya siku, gharama za kusafirisha bidhaa zikaporomoka, viwanda vikaweza kuwekwa mbali na wanunuzi, na maelfu ya makuli wakapoteza kazi bandarini. Ruka hadi Machi 2021, meli Ever Given yenye urefu wa mita 400 ilipokwama katika Mfereji wa Suez kwa muda wa karibu siku sita. Hapo darasa lina swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa kukariri: iliwezekanaje meli moja iliyokwama kwenye mfereji mmoja ikawacheleweshea bidhaa watu ambao hawajawahi kuuona mfereji huo, na ni nani alaumiwe?

Ili kazi ya namna hii isigeuke tamasha, ipangwe hivi. Swali kuu liandikwe kwanza, kabla ya shughuli yoyote kuchaguliwa, na liwe swali ambalo walimu wenyewe wanaweza kutofautiana katika kulijibu. Zichaguliwe idara mbili au tatu tu. Nne zikishiriki mara ya kwanza, vikao vitakula muda wa kufundisha. Muda uwe wiki mbili au tatu, ndani ya vipindi vya kawaida, huku kila mwalimu akionyesha katika andalio lake la somo ni kipengele gani cha muhtasari wa somo anachokifundisha kupitia kazi hiyo. Mwisho wake pawe na kitu kinachoandikwa au kutengenezwa kwa ajili ya msomaji halisi aliye nje ya darasa, kwa mfano taarifa kwa wazazi, barua kwa chombo cha habari au maonyesho kwa darasa la chini, kwa kuwa mwanafunzi anayejua kwamba mtu mwingine atamsoma hujisahihisha kwa bidii ambayo kalamu nyekundu haiwezi kuileta.

Kuna kosa moja ambalo nalisisitiza kwa sababu linaharibu kazi nyingi nzuri. Masomo yenye mfuatano mkali, hasa hisabati, huingizwa katika kazi za pamoja kama pambo: mwanafunzi wa sekondari anachora grafu ya nguzo ambayo aliimudu akiwa shule ya msingi, na mwalimu anaandika kwamba hisabati imeshirikishwa. Kipimo chake ni rahisi. Iondoe mada, kisha tazama kama hisabati iliyobaki ni ya kiwango cha darasa hilo. Kama sivyo, mwalimu wa hisabati asishiriki mara hii, aendelee na vipindi vyake. Ufini, ambayo wengi husema imefuta masomo, haikufanya hivyo. Mtaala wake ulioanza kutumika mwaka 2016 unataka kila mwanafunzi wa elimu ya msingi apate angalau kazi moja ya masomo mchanganyiko kila mwaka, na masomo yenyewe yamebaki.

Lugha: mlango na kizuizi

Mkataa kwao ni mtumwa, na msemo huo unaihusu moja kwa moja shule inayodhani kwamba kumwandaa mtoto kwa dunia ni kumharakisha aiache lugha yake. Mwaka 2016 UNESCO ilieleza kwamba takriban asilimia 40 ya watu duniani hawapati elimu katika lugha wanayoizungumza au kuielewa. Mtoto wa aina hiyo hana tatizo la akili. Anabeba mizigo miwili kwa pamoja, wa kuielewa hoja na wa kuielewa lugha inayoibeba hoja hiyo, na mara nyingi huacha yote miwili na kubaki na sauti za maneno.

Jaribio maarufu kuhusu jambo hili lilianzishwa Ife, nchini Nigeria, mwaka 1970 chini ya uongozi wa Babs Fafunwa. Kundi moja la wanafunzi lilifundishwa masomo yote kwa Kiyoruba kwa miaka yote sita ya shule ya msingi, Kiingereza kikifundishwa kama somo na mwalimu aliyekimudu vizuri. Kundi jingine lilifuata utaratibu wa kawaida wa kuhamia Kiingereza baada ya miaka mitatu. Wale wa Kiyoruba walifanya vizuri zaidi katika masomo, na katika Kiingereza chenyewe hawakuachwa nyuma. Kinachosahaulika katika kulisimulia jaribio hili ni yule mwalimu wa Kiingereza. Lugha ya kimataifa hupatikana kwa kufundishwa vizuri na mtu anayeijua, wala haipatikani kwa kuimwaga juu ya masomo yote yanayofundishwa na watu ambao nao wanahangaika nayo.

Shule isiyo na mamlaka ya kubadili lugha ya kufundishia bado ina mengi ya kufanya. Mwalimu anaweza kuwaruhusu wanafunzi wajadili swali gumu katika makundi kwa lugha wanayoimudu, kisha watoe jibu katika lugha rasmi. Istilahi muhimu za kila mada ziandikwe ukutani kwa lugha zote mbili, na zisomwe kwa sauti. Adhabu kwa mtoto anayezungumza lugha ya nyumbani ziondolewe mara moja, kwa sababu humfundisha mtoto kunyamaza, na mtoto aliyenyamaza hajifunzi lugha yoyote.

Shirikianeni na shule ya mbali, kwa kazi na si kwa salamu

Kubadilishana barua kati ya shule hakukuanza na intaneti. Katika miaka ya 1920 mwalimu Célestin Freinet, katika kijiji cha Ufaransa, aliweka mashine ndogo ya kupigia chapa darasani, wanafunzi wake wakachapa maandishi yao na kuyapeleka kwa wanafunzi wa shule nyingine waliowajibu kwa maandishi yao. Kilichoufanya ubadilishanaji ule uwe na nguvu ni kwamba kila upande ulihitaji kitu kutoka kwa mwenzake. Ushirikiano mwingi wa leo hufa baada ya salamu mbili tatu na picha za pamoja kwenye skrini, kwa sababu hakuna kazi ambayo upande mmoja hauwezi kuikamilisha bila mwingine.

Kazi nzuri ya kuanzia ni ile iliyofanywa na Eratosthenes huko Misri katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alipolinganisha jua la adhuhuri la Syene na la Aleksandria, akapata tofauti ya karibu sehemu moja ya 50 ya duara, na kutokana nayo akaukadiria mzingo wa dunia. Shule mbili zilizo mbali kwa mamia ya kilomita kutoka kaskazini hadi kusini zikubaliane siku moja. Kila shule isimamishe wima kijiti cha mita moja na kupima kivuli chake kikiwa kifupi kuliko wakati wowote wa siku hiyo, yaani adhuhuri ya jua ya mahali hapo, ambayo si lazima iwe saa sita kamili. Kutokana na urefu wa kijiti na wa kivuli, wanafunzi watapata pembe ya jua. Kisha shule zibadilishane majibu na kutafuta tofauti ya pembe zao. Ikiwa umbali wa kaskazini-kusini kati yao ni kilomita 600 na tofauti ni nyuzi 5.4, basi 600 mara 360 gawanya kwa 5.4 ni 40,000, na huo ndio takriban mzingo wa dunia kwa kilomita. Shule zilizo karibu na ikweta zizingatie jambo moja: ikiwa siku hiyo kivuli cha shule moja kinaelekea kaskazini na cha nyingine kinaelekea kusini, pembe mbili zinajumlishwa badala ya kutolewa. Hakuna shule inayoweza kulipata jibu hili peke yake kwa kipimo chake kimoja, na vifaa vinavyohitajika ni kijiti, futi na njia yoyote ya kutumiana ujumbe, hata barua ya karatasi.

Kwa shule zinazotaka mpango wa muda mrefu, GLOBE, ulioanza mwaka 1995, huwawezesha wanafunzi wa nchi nyingi kupima mawingu, joto, maji na udongo kwa taratibu zinazofanana na kuingiza takwimu zao katika hifadhi moja ya pamoja. Popote mtakaposhirikiana, wekeni kanuni tatu. Mawasiliano yote yapitie kwa walimu, na picha au taarifa binafsi za watoto zisitumwe bila idhini ya wazazi. Kila upande ufundishe na ujifunze, kwani shule yenye fedha inapogeuka mfadhili wa mwenzake urafiki huisha na utii huanza. Tena, wanafunzi wasitakiwe kuwa wasemaji wa taifa lao zima. Mtoto aulizwe kuhusu mtaa wake na mambo aliyoyaona, asiulizwe watu wa nchi yake wanafikiri nini.

Kufundisha namna ya kuamini

Mwanafunzi wa leo hapungukiwi na habari, anapungukiwa na njia ya kuamua ipi aishike. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwalinganisha wanahistoria wenye shahada za uzamivu, wanafunzi wa chuo hicho na wahakiki wa habari wa kitaalamu walipokuwa wakizipima tovuti wasizozijua. Wengi wa wanahistoria na wanafunzi waliusoma ukurasa wenyewe kwa makini, wakavutwa na nembo nzuri na jina lenye heshima. Wahakiki waliuacha ukurasa karibu mara moja, wakafungua kurasa nyingine kutafuta wengine wanasema nini kuhusu mwenye tovuti, kisha wakarudi wakijua wanashughulika na nani. Walisoma maneno machache zaidi na wakafikia uamuzi bora.

Fundisheni desturi hiyo kwa mazoezi mafupi ya dakika kumi, mara kwa mara, ndani ya somo lolote. Mwanafunzi apewe dai moja na ajibu maswali matatu: nani anasema, anapata nini tukimwamini, na wengine wasio na maslahi hayo wanasemaje. Pasipo intaneti, mwalimu alete maandishi yaliyochapwa, yakiwemo ya chanzo kinachodai na ya chanzo kingine kinachomweleza mdai huyo. Majibu ya programu za akili mnemba (AI) yapite njia hiyo hiyo, tena kwa ukali zaidi, kwa sababu huandika sentensi fasaha hata pale yanapokosea na mara nyingi hayaonyeshi yalikotoka. Sioni haja ya kuzipiga marufuku shuleni. Naona haja ya kumtaka mwanafunzi alete jibu la programu, aweke alama kwenye kila dai linaloweza kuhakikiwa, na aonyeshe amelihakiki wapi.

Badilini upimaji, au hakuna kitakachodumu

Yote yaliyotangulia yatasahaulika katika muhula mmoja ikiwa mtihani utabaki kama ulivyo. Tazama swali linalojulikana na kila mwalimu: "Taja faida nne na hasara nne za utandawazi." Mwanafunzi aliyekariri orodha hupata alama zote bila kufikiri hata mara moja kuhusu binadamu yeyote. Libadilishe liwe hivi: kiwanda cha nguo kimehamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, hapa pana taarifa fupi ya mwenye kiwanda, barua ya mfanyakazi aliyeachishwa kazi na maelezo ya mfanyakazi aliyeajiriwa katika kiwanda kipya. Eleza jambo moja ambalo wote watatu wanalikubali, jambo moja wanalopingana, na ushahidi gani zaidi ungeutafuta kabla ya kusema kama uhamisho huo ulikuwa wa haki. Maudhui ni yale yale ya muhtasari, lakini sasa maarifa yana kazi. Mwongozo wa kusahihisha utoe alama kwa hoja iliyoshikamana na maandishi yaliyotolewa, na usimpe wala kumnyima mwanafunzi alama kwa kuangukia upande fulani.

Inafaa kujua kwamba hata vipimo vya kimataifa vimeanza kuelekea huko. Upimaji wa PISA, unaoendeshwa na OECD, Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, kwa vijana wa miaka 15 tangu mwaka 2000, mwaka 2018 ulijumuisha umahiri wa kimataifa: kuchunguza masuala ya mahali na ya dunia, kuelewa mitazamo ya wengine, kuwasiliana kwa heshima na kuchukua hatua kwa ajili ya ustawi wa wote. Hata hivyo nchi nyingi hazikushiriki katika jaribio hilo, na mitihani ya taifa ya sehemu nyingi bado haijabadilika. Mwalimu asimtoe mwanafunzi wake sadaka kwa ajili ya falsafa. Mtihani wa mwisho unaamua maisha, na lazima aandaliwe kwa ajili yake. Anzeni na swali moja la aina mpya katika kila mtihani wa ndani, muongeze polepole, na mtumie upimaji endelevu kutoa maoni ya maandishi yanayomwambia mwanafunzi arekebishe nini. Paul Black na Dylan Wiliam, walipokusanya tafiti nyingi mwaka 1998, walionyesha kwamba maoni ya namna hiyo huinua ujifunzaji, hasa wa wanafunzi walio nyuma.

Mpango wa mwaka wa kwanza

Usiibadili shule nzima kwa wakati mmoja. Chagua darasa moja na walimu wanne au watano wanaotaka wenyewe, na uwape kipindi kimoja kila wiki ambacho hakitaguswa na kikao kingine wala kujazwa na zamu ya mwalimu asiyekuwepo. Kipindi hicho kiendeshwe kwa mtindo uliozoeleka Japani tangu mwishoni mwa karne ya 19: walimu wanaandaa somo moja pamoja, mmoja wao analifundisha huku wengine wakiwatazama wanafunzi badala ya kumtazama mwalimu, kisha wanakaa kulijadili somo na kulirekebisha. Kinachojadiliwa ni somo, si mtu aliyelifundisha, na mkuu wa shule akihudhuria aache daftari la tathmini ofisini.

Muhula wa kwanza utoshe kwa ukaguzi wa maswali na kwa uchaguzi wa mawazo makuu. Muhula unaofuata ufanyike mradi mmoja wa kufuatilia kitu, pamoja na mazoezi mafupi ya kuhakiki habari. Ushirikiano na shule ya mbali usubiri mpaka mradi wa ndani umekamilika, kwa sababu shule ambayo haijazoea kupanga kazi ya pamoja ndani ya uzio wake itamchosha mwenzake aliye mbali.

Wazazi waitwe mapema, kabla uvumi haujawafikia kwamba watoto wao wanacheza badala ya kusoma. Wasipewe hotuba kuhusu utandawazi. Wapewe lile swali la kiwanda cha nguo na nusu saa ya kulijibu katika makundi, kisha wasome majibu ya watoto wao na walinganishe. Wasiwasi wao kuhusu mtihani wa taifa ujibiwe kwa kuwaonyesha, mada kwa mada, mahali muhtasari unapofundishwa, na maswali yatakayobaki bila jibu yaandikwe na kukabidhiwa kwa kundi la walimu ili yashughulikiwe katika kipindi chao cha wiki inayofuata.